Sifa ya Kalafati

Mgeni akija Bagamoyo hupelekwa kwa wafu kwanza. Asubuhi anaoneshwa makaburi ya Kaole. Mchana ni Misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Jua likianza kupoa anazungushwa mji wa kale: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, jiwe la mahali watu waliponyongwa. Magharibi ikiingia huwa amechoka, anataka dafu na pweza, na bahari ameiona kwa nyuma tu, katika picha alizopigwa.

Mimi na mke wangu tumekuwa mabingwa wa mzunguko huo tangu tulipostaafu. Mstaafu mwenye nyumba karibu na pwani hakosi wageni. Wa Dodoma wanakuja kuona maji mengi, wa Mbeya wanakuja kula samaki, na watoto wa ndugu waliozaliwa Dar es Salaam wanakuja kupiga picha kwenye milango ya nakshi ambayo hawaulizi ilichongwa na nani. Mke wangu hutangulia na mwavuli, mimi nafuata na chupa za maji. Maelezo tumegawana: yeye Kaole na Misheni, mimi Wajerumani. Nilifundisha historia hadi siku ya kustaafu na sijapata kuwa na darasa tulivu kuliko mgeni aliyekwisha kulipiwa kiingilio.

Mgeni wa safari hii alikuwa binamu yake, mtoto wa mama yake mkubwa, aliyeondoka Unguja akiwa kijana baada ya 1964 na kuzeekea Maskati. Namwita shemeji, naye ananiita hivyo hivyo. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kimebaki pale alipokiacha, hakijaingia vumbi la daladala. Tulimpeleka Kaole, kama ilivyo ada. Mwongozaji, kijana hodari, akatuonesha misikiti miwili, mkubwa ukiwa wa karne ya 13, makaburi zaidi ya 20 ya mawe ya matumbawe na chokaa, kaburi la Sharifa ambako watu mpaka leo huja kuomba, na mbuyu ambao kila mtalii lazima auzunguke. Akaeleza jinsi bahari ilivyorudi nyuma na mikoko ikaota palipokuwa bandari, mji ukabaki nchi kavu na watu wake wakahamia Bagamoyo. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, ndipo akauliza:

"Na vyombo vyao viko wapi?"

Kijana akamwelekeza kwenye makumbusho, penye vigae vya vyungu na mabakuli ya Kichina.

"Hivyo vya kulia. Mimi nauliza vya kusafiria. Hayo mabakuli hayakuja yakiogelea."

Hakuna chombo Kaole. Hakuna hata ubao. Jiwe hukaa, mti huoza, na aliyeushughulikia mti hayumo katika historia tunayowatembezea wageni. Tunalipa kiingilio kutazama kuta za watu waliohamishwa na bahari, ilhali kilichowaleta, kikawalisha na kikawahamisha hatukiulizi. Mke wangu, ambaye zamu ya Misheni ilikuwa yake, alikunja mwavuli na kusema leo Misheni ingoje. Tukateremka pwani ya mji, karibu na soko la samaki, ambako mashua na ngalawa huvutwa juu kutengenezwa. Hapo hakuna mlinzi wala tiketi.

Fundi tuliyemkuta alikuwa ameketi mchangani chini ya ubavu wa mashua iliyoegemezwa magogo, miguu ameinyoosha, barghashia imegeuka rangi kwa jasho. Hakuwa akichonga. Kazi ya tezo na msumeno ndiyo yenye watazamaji. Vipande vinaruka, umbo linatokea, watoto wanakusanyika. Yeye alikuwa akikalafati, kazi ya kuziba mishono ya mbao kwa pamba, na hakuna mtoto aliyesimama.

Mashua ile ilipandishwa kwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kupita siku nyingine, na chombo huvutwa hadi pale yanapokomea. Yakishapungua, hakuna namna rahisi ya kukirudisha baharini mpaka bamvua lijalo, kiasi cha wiki mbili mbele. Kwa hiyo fundi wa kalafati hapangiwi muda na mwenye chombo. Anapangiwa na mwezi. Akichelewa siku moja tu, mvuvi anaweza kukaa nusu mwezi mwingine akitazama wenzake wakitoka.

Kwanza hutoa pamba ya zamani. Anaichokonoa kwa chuma kilichopindwa ncha, inatoka mkanda mrefu mweusi unaonuka chumvi na sifa, yaani mafuta ya papa, na kila anachokitoa anakitazama. Pamba iliyosagika inamwambia mbao zimekuwa zikisuguana, labda taruma limelegea. Yenye kutu inamwambia kuna msumari umeoza jirani. Ikitoka nyepesi na kavu, wa mwisho kuishika alikuwa na haraka. "Huyu alikuwa na harusi ya kwenda," fundi akasema, akirusha kipande pembeni.

Kisha huja pamba mpya, iliyosokotwa kwa unene wa mwanya wenyewe: nono kwa mshono wa karibu na mkuku, nyembamba kwa mishono ya juu. Hutiwa mafuta, ya nazi au ya sifa, ikawekwa mdomoni mwa mwanya na kushikizwa kwa mapigo mepesi, shibiri hadi shibiri, akiacha vijikunjo katikati. Mahali mwanya ulipopanuka, kijikunjo huwa kirefu, ulipobana, hupungua. Ukitazama kwa mbali utadhani anacheza. Baada ya hapo ndipo chembeu na nyundo vinapoanza kazi.

Ufundi wote uko hapa, na hauonekani. Mbao ziko kavu, zimekaa juani. Zikiingia majini zitavimba, na pamba nayo itavimba, kimoja kikambana mwenzake mpaka maji yakose njia. Fundi anashindilia leo kwa ajili ya ubao utakavyokuwa keshokutwa, wakati yeye hayupo na mtu mwingine yuko katikati ya mkondo. Akishindilia kidogo, mawimbi yakianza kuutikisa mwili wa chombo pamba itatemwa, na nahodha atakesha akifua maji ya ngama. Akishindilia kupita kiasi, ubao ukivimba hautakuwa na pa kwenda. Utamsukuma jirani yake, misumari itang'oka au taruma litapasuka. Mwembe huvimba sana, mninga kidogo. Mashua iliyotiwa viraka kwa miaka mingi ina mbao za miti mbalimbali chini ya rangi moja, na kila mshono unaweza kuwa na miti miwili isiyovimba sawa. Basi fundi hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, husikiliza, hulitaja jina la mti kwa sauti ya chini, na ndipo huamua.

"Unajuaje kwamba imetosha?" shemeji akamuuliza.

"Mshono wenyewe unakwambia."

Akapiga. Mapigo ya kwanza yalitoa sauti iliyolala. Akaendelea, akihamisha chembeu upana wa kidole, na mlio ukaanza kupanda, ukakaza, hata ukafika mahali ukawa mlio wa chuma juu ya mti mzima, usio na nafasi ndani yake. Hapo akaacha. Akarudi kupiga palipokwisha, halafu palipobaki, ili tusikie tofauti. Mke wangu aliisikia kabla yetu. Akasema ni kama wali: asiyejua hufunua chungu, anayejua husikiliza. Pembeni mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto, bodaboda zinanguruma, redio ya kibanda cha chipsi iko juu kabisa, na mtu huyu anafanya kazi inayotegemea sikio.

Ndipo mke wangu alipofanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katika miaka yote ya ndoa yetu. Aliinama, akachota pamba kwenye kikapu cha fundi, akaketi juu ya gogo, akapandisha khanga hadi gotini na kuanza kuisokota. Hakuangalia mikono yake. Alikuwa akituangalia sisi na kuendelea kuzungumza.

Baba yake alikuwa mvuvi, hilo nalijua tangu siku ya posa. Nililokuwa silijui ni kwamba bamvua lilipokaribia nyumba yao nzima ilikuwa karakana. Pamba ililetwa na gunia. Watoto waliketi ukumbini juu ya mkeka, mafuta ya nazi yako ndani ya kifuu, na kila mmoja alipewa unene wake: wadogo nyuzi nono, ambazo hazikatiki ovyo, wakubwa zile nyembamba. Bibi yao alipita akiukamata kila uzi kwa ncha mbili na kuuvuta kwa ghafla. Ukikatika, unarudia. Usiku ngozi ya paja iliwaka moto na mikono ilinuka mafuta hata kwenye uji wa asubuhi. Yeye, mtoto wa kike ambaye hakuruhusiwa kupanda mashua, alijua mshono upi ulikuwa na uzi wake, na baba alipochelewa kurudi alilala akiuwaza ule uzi, si baba. Hili alilisema akicheka, lakini shemeji hakucheka.

Na pamba ile ilitoka Usukumani. Ililimwa na watu ambao wengi wao walikuwa hawajaiona bahari, ikapakiwa kwenye gari moshi, ikashuka hadi huku, na jembe la Shinyanga likawa ndilo linalozuia Bahari ya Hindi isiingie ndani ya mashua ya Bagamoyo. Katika mihtasari yote ya somo la uraia niliyoipitia sijaona mfano bora wa taifa kuliko huo, na haumo katika mhtasari wowote.

Mke wangu alipomaliza, fundi aliuchukua ule uzi, akaukamata ncha mbili, akauvuta kwa ghafla. Akautia mshononi bila kusema kitu.

Waliotutangulia zamani sana hawakutumia msumari. Baharia wa Kiyunani aliyeandika juu ya pwani hii katika karne ya 1 alitaja mashua za kushonwa, na soko la Rhapta ambalo wataalamu bado wanavutana lilikuwa wapi, wengine wakilipeleka Rufiji, wengine wakilileta huku kwetu. Mtepe uliendelea kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, wenye tanga la mkeka, hadi karne ya 20 ilipoukuta umebaki kwa Wabajuni na visiwa vya Lamu. Majahazi ya misumari yalikuwa yameshatawala. Yalipakia boriti za mikoko za Rufiji na kuzipeleka Ghuba, nchi za jangwa zisizo na mti wa kuezekea, yakirudi na tende na mazulia. Kaskazi yaliingia, kusi yakatoka. Nyumba ngapi za huko zimesimama juu ya mti wa Rufiji uliofika bila kulowa, shemeji alisema, hata wao hawazihesabu.

Na yalibeba mengine pia. Huwezi kusifu chombo ukiwa Bagamoyo ukaishia kwenye tende. Pembe za ndovu zilizofika mabegani mwa wapagazi kutoka Ujiji na Tabora, na watu waliofungwa minyororo, walivuka mkondo huu wa kilomita 40 na kitu hadi Unguja ndani ya mbao zilizozibwa vizuri. Pamba haikuuliza ni nani ameketi ndani. Sipendi kulisema nikiwa katika kusifu, lakini ufundi huu huu ndio uliofanya safari ile iwezekane. (Livingstone, kwa taarifa ya wageni wetu, hakuvuka kwa jahazi. Alichukuliwa na Vulture, meli ya kivita ya Waingereza.)

Tukiwa pale pale mchangani, shemeji alianza kutueleza habari za Sur, mji wa mabaharia ulioko mashariki ya Omani. Sur ilikuwa ikiunda vyombo vilivyofika hadi huku. Kuna kimoja, Fatah al-Khair, kiliundwa hapo mwaka 1951. Kikauzwa, kikaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakachanga fedha wakakinunua tena na kukirudisha nyumbani. Sasa kimepumzishwa nchi kavu, watu wanakwenda kukitazama. Yakaja makubwa zaidi. Mwaka 1980 Mwingereza Tim Severin aliundiwa hapo Sur chombo cha kushonwa kiitwacho Sohar, akaenda nacho hadi China. Miaka kama 30 baadaye serikali ya Omani ikaunda Jewel of Muscat kwa mfano wa jahazi la karne ya 9 lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Likashonwa kwa kamba za nazi, likatweka hadi Singapore mwaka 2010, na huko likawekwa makumbusho.

"Mmefanya vizuri," nikamwambia.

"Tumefanya kwa pesa, shemeji. Mafuta yalipotoka sote tulikimbilia mafuta. Tuliporudi kutafuta wa kushona, wazee hawapo. Mikono ya kushona ikabidi itoke India."

Kisha akamgeukia fundi, akamuuliza wanafunzi wake wako wapi. Fundi akasema mwanawe yuko bodaboda. Hakulisema kwa masikitiko. Bodaboda, alisema, hulipwa jioni hiyo hiyo, na wala haisubiri mwezi.

Siku iliyofuata shemeji alitaka kuiona Mbegani, kwa sababu huko Maskati alisoma gazetini kwamba patajengwa bandari kubwa kuliko zote za ukanda huu. Hii nayo ni hadithi ya kungojea bamvua. Makubaliano yalitiwa saini mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea nchi. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli aliyakataa masharti yake akisema ni mwendawazimu tu angeyakubali, na 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yafufuliwe. Watu wa Pande na Mlingotini wamezeeka wakiongea habari za fidia. Siku ile tulichokiona sisi ni mikoko, minazi, na mwanamke anayeanika mwani.

Tuliona na chuo. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambacho Norwei ilikisaidia kwa miaka mingi na sasa kiko chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kimetoa manahodha, mafundi injini na wasindikaji samaki ambao nchi hii isingekuwa nayo bila chuo hicho. Sina ugomvi nacho. Wala sina ugomvi na boti za faiba ambazo serikali inawakopesha wavuvi siku hizi, ingawa najua mwandishi wa umri wangu anatarajiwa awe nao. Faiba haina mshono wa kuvuja. Haihitaji mwembe wa mtu ukatwe, wala mkoko, ambao kisheria haukatwi bila kibali na ni haki usikatwe. Mvuvi anayekaa nusu mwezi mchangani akisubiri kalafati ana watoto wanaokula kila siku, na mimi siwezi kumwambia ale urithi.

Kinachoniuma kiko kwingine. Ni ile hali ya katikati tunayoishi sasa, ambamo mti bado upo baharini kwa wingi na maarifa ya mti yameshaachwa. Tembea pwani yetu uangalie mishono kwa karibu. Utakuta vitambaa vya fulana za mitumba. Utakuta nyuzi za nailoni za nyavu kuukuu, hata sponji la godoro, vimeshindiliwa kwa bisibisi na kupakwa lami juu. Sifa imeadimika kwa kuwa papa wenyewe wameadimika, basi chombo hupakwa oili chafu ya gari, inayoacha rangi za mafuta juu ya maji asubuhi nzima. Zamani chini ya usawa wa maji chombo kilipakwa deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu, na kila kikipandishwa kilikaushwa kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao. Moto wa makuti bado nauona. Deheni sikumbuki niliiona lini.

Na nailoni haivimbi. Hapa hesabu yote ya fundi inavurugika: ubao unaingia majini, unavimba kama ulivyoumbwa, unamtafuta mwenzake wa kubanana naye, na mwenzake hana habari. Kwa siku chache mambo huenda. Kisha maji yanaingia taratibu, mtu ananunua pampu, pampu inakula petroli, petroli inakula samaki. Ukiuliza kisa, utaambiwa mashua za mbao siku zote huvuja, ndivyo zilivyo. Maneno haya nimeyasikia kwa vijana waliozaliwa hatua chache kutoka pwani, ambao babu zao walikwenda Pemba na kurudi na ngama kavu. Mti unasingiziwa kosa la mkono. Siku mashua ya mwisho itakapochomwa kuni, tutaandika kwamba ilishindwa na teknolojia, na hakutakuwa na wa kutubishia.

Jioni shemeji alitaka kumuaga fundi. Tulimkuta ameshamaliza ubavu mmoja, anaosha mikono kwa mafuta ya taa. Nyuma ya kibanda chake cha makuti, mahali ambapo jana tulikuwa hatujapatazama, palikuwa na mashua mpya. Nzuri mno. Ya mninga mtupu, mbele imenyanyuka, ukingo umetiwa nakshi za maua, na mlingoti mfupi umelala kando ukingoja kusimikwa. Mke wangu alitamka jina la Mungu. Shemeji alizunguka nayo polepole, kiganja juu ya mbao, hadi akafika tumboni pa chombo na kusimama. Alikuwa ameingiza kidole kwenye mshono, kikazama hadi kifundo cha pili.

"Hii bado hujaitia pamba?"

"Haitiwi, mzee. Hii ya hoteli."

Akatueleza. Itasimama ndani ya ukumbi wa kulia, itawekwa rafu za chupa, wageni watapigia picha. Mwenyewe alikuja na mchoro. Alisema mianya ijazwe kidogo kwa lami nyeusi ili ionekane ya zamani, zaidi ya hapo asijisumbue. Malipo yalizidi ya mashua ya kuvulia ya ukubwa huo, na nusu alikwisha kupewa. Mabati ya nyumba yake yameshanunuliwa, yako pale, akatuonesha.

"Na mvua ikinyesha?" mke wangu akauliza.

"Iko ndani, mama. Chini ya feni."

"Nasema ikishuliwa," shemeji akasema. "Mtu akiichukua akaishua."

Fundi alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa, akiitazama kazi yake. "Itazama kabla hawajapandisha tanga," akasema. Kisha akakausha mikono, akatoa simu, akamwomba shemeji namba. Amesikia hoteli za Maskati ni nyingi na kubwa. Kama huko kuna mwenye kutaka kitu cha namna hii amwambie tu, bei watapatana, na kwa kuwa hakina kalafati, hakichelewi.